Shahidi Mmoja wa Jumatano ya Mvua

Kuna watu hapa Kitale ambao mpaka leo wanasimulia jinsi nilivyomrudisha mama yangu mzazi nyuma ya foleni. Ni kweli. Nina kisiagi cha mahindi, na asubuhi moja mama alikuja na debe lake, akapita moja kwa moja mpaka mbele, akalitua miguuni pangu. Nikamwambia, "Mama, kuna watu saba mbele yako." Alinitazama, akalibeba debe lake akarudi nyuma, na hakuniongelesha mpaka Jumapili. Watu walicheka, wengine wakanisifu. Mimi sikujua, na bado sijui, kama ile ilikuwa haki au ilikuwa tu woga wa kusemwa.

Nafikiri ndiyo sababu mashabiki wa timu yetu walinipa mimi daftari.

Timu yetu ni ya mtaa. Haina tajiri, haina ofisi. Jezi zilinunuliwa na mashabiki, mipira ilinunuliwa na mashabiki, na chakula cha siku ya mechi kinapikwa na wake za mashabiki. Kwa hiyo kila shabiki anaamini ana haki ya kupanga kikosi. Kocha wetu ni fundi wa mabomba, mtu mwenye subira kuliko wote ninaowajua, na alishazoea. Jumamosi mchana, nikishazima mashine, watu hukusanyika kwenye veranda ya kisiagi, wengine wakakalia magunia, na hapo ndipo kikosi cha kesho kinapobishaniwa kabla hakijatangazwa. Kocha naye hukaa pale pale na kusikiliza. Baadaye hufanya anavyoona yeye, lakini kusikiliza anasikiliza.

Wabishi wakubwa ni wawili. Mmoja ni fundi viatu, mtu wa Bungoma aliyekuja Kitale kitambo, ambaye imani yake yote iko kwa vijana. Mwingine ni mwenye bucha, wa kwetu, wazazi wake walihamia huku Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati pamoja na wazazi wangu. Huyo anaamini watu waliokomaa. Nimewasikia wakirudia maneno yale yale kwa misimu minne na sijawahi kuchoka.

"Kijana hawezi kukulia benchi," fundi viatu husema, misumari ikiwa bado mdomoni. "Mpila unasomewa ndani ya uwanja, bana."

"Na wewe, ndama wa miezi mitatu unamfunga jembe?"

"Huyu si ndama. Ni mtu."

"Mtu gani wa kilo hamsini! Beki akikohoa karibu naye anaanguka."

"Wewe kwa sababu unapima nyama kutwa nzima, unafikiria hata wachezaji wanapimwa kwa kilo."

Hapo watu huangua kicheko, na mwenye bucha hucheka pia, maana si mtu mbaya.

Sasa, daftari. Zamani kulikuwa na minong'ono kwamba kocha anapanga wale wanaomwoshea pikipiki. Sidhani ilikuwa kweli, lakini ilikuwa inaharibu timu. Siku moja nikapendekeza tuweke sheria moja: mchezaji akikosa mazoezi siku mbili ndani ya wiki moja bila kutoa habari, Jumapili anaanzia benchi, hata awe nani. Wakakubali, wakasema basi wewe ndiye utakayeandika. Tangu hapo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa kumi jioni, namwachia mke wangu kisiagi, nasimama kwenye kona ya uwanja wa shule ya msingi na kalamu. Aliyekuja nampa alama ya vema. Ambaye hakuja nampa msalaba.

Baada ya muda wakaanza kuja kwangu. "Mzee, yule alikuja, ni wewe hukumwona." Shangazi wa mchezaji, mwenye nyumba wa mchezaji, mpaka mchungaji wa mchezaji. Nikapendekeza sheria ya pili: kilichoandikwa hakibadilishwi mpaka waje mashahidi wawili, na wasiwe ndugu wa mchezaji. Hiyo pia ilipita. Niseme ukweli, niliipenda sana. Daftari langu halikuwa na mstari hata mmoja uliokatwa, na mara nyingine nilikuwa nawaonyesha wageni kurasa zake, ingawa hawakuniuliza.

Ninayoeleza hapa yalitokea misimu miwili iliyopita, katikati ya mvua ndefu.

Tulikuwa na wachezaji wawili wa pembeni kushoto. Wa kwanza ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na tulikuwa tumemtoa timu moja ya Webuye baada ya mabishano marefu. Fundi viatu alikataa uhamisho ule kabisa. "Mnaleta mtu amechoka mje kumpumzishia hapa," alisema. Mwenye bucha alisema tunanunua akili, si miguu. Mimi siku hiyo sikusema kitu, kwa sababu ni wa damu yangu, na nilipoulizwa nilitoka nje nikajifanya naangalia mkanda wa mashine. Mpwa wangu alipokuja hakutuaibisha. Hakuwa na mbio, lakini mpira ukimfikia haupotei.

Wa pili alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Mama yake yuko Bumula, upande wa Bungoma, na huku Kitale alikuwa anakaa na shangazi yake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa ajabu. Angeweza kukimbia na mpira mpaka karibu na mstari wa goli, halafu akapiga krosi bila kuinua kichwa. Nyingine ziliua, nyingine zilipotelea kwenye ua wa shule. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsifu anaangalia chini, ukimgombeza anaangalia chini.

Wiki ile tulipata habari kwamba Jumapili, kwenye mechi yetu ya Bungoma, atakuja mtu anayetafutia timu kubwa ya huko wachezaji chipukizi. Anataka winga wa kushoto, na asizidi miaka ishirini. Haikuhitaji kueleza zaidi. Mtaa mzima ulijua anayekuja kuangaliwa ni nani. Shangazi yake alimnunulia soksi mpya.

Siku ya Alhamisi kijana hakuja mazoezini. Niliposoma daftari langu usiku ule niliona misalaba miwili mbele ya jina lake. Jumatano na Alhamisi.

Jumamosi kwenye veranda nikasoma kama ninavyosoma kila wiki. Nilipofika kwake nikasoma misalaba miwili, anaanzia benchi. Halafu fundi viatu akatema misumari yote kwenye kiganja.

"Mzee, soma tena."

Nikasoma tena.

"Hapana. Ati Jumapili ya maisha yake, huyu mtoto anaanzia benchi?"

"Sheria ni ya Jumapili zote," mwenye bucha akasema. "Ama tuliandika kwamba isipokuwa mgeni akija?"

"Wewe nyamaza, wewe unataka mtu wako acheze."

"Mtu wangu kivipi?"

"Si unajua."

Palikuwa na baridi ghafla pale verandani. Watu waliangalia magunia. Tunaishi pamoja vizuri, watu wa Kati na watu wa Bungoma, tunazikana, tunaoleana, lakini kuna maneno ambayo yakitoka nusu kila mtu anamalizia nyingine kichwani mwake. Na mimi nilikuwa nimeshika daftari, na mpwa wangu ndiye angecheza.

Kocha akamuuliza kijana, "Jumatano ulikuwa wapi?"

Alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. "Kocha, sijui niseme nini."

"Na Alhamisi?"

"Nilienda Bumula. Mama alikuwa anapalilia peke yake."

"Ulimwambia mtu?"

"Hapana."

"Basi," kocha akasema, na akamwangalia fundi viatu mpaka fundi viatu akarudisha misumari mdomoni.

Nilienda nyumbani kwa njia ndefu. Kwenye kona ya uwanja kuna mama anayeuza chapati na maharagwe, amefunika kibanda chake kwa turubai la bluu. Nilikaa pale kwa sababu sikutaka kufika nyumbani haraka. Aliniuliza mbona uso umekunjamana, nikamwambia.

"Yupi? Yule wa mguu wa kushoto?" akauliza. "Si Jumatano alikuja."

"Mama, hakuja. Nilikuwa hapa mwenyewe."

"Mlikuwa mmeshaenda. Alikuja saa kumi, mvua ikiwa imeanza, akasimama hapo katikati akiangalia huku na huku. Mimi nikamwita aje ajikinge. Akakataa. Akaanza kukimbia. Alizunguka huo uwanja mpaka nikachoka mimi. Nikasema mtoto wa watu atapata homa."

Nikairudisha chapati sahanini. Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ya Jumatano mawingu yalikuwa meusi tangu adhuhuri, na kocha akatuma ujumbe kwa grupu ya simu kwamba tuanze saa tisa tuiwahi mvua. Tulianza saa tisa, na saa kumi kasorobo matone yakaanguka tukakimbilia makwetu. Kijana hana simu ya grupu. Ana ile ya kubonyeza, tena mara nyingi anaiacha kwa shangazi. Yeye alikuja saa kumi, saa ile tuliyomwambia sisi wenyewe tangu msimu uanze. Daftari langu halikuwa na mahali pa kuandika kwamba aliyekosea ni sisi.

Nilimkuta kwa shangazi yake akifua jezi ya mazoezi.

"Jumatano ulikuja?"

"Nilikuja, mzee."

"Kwa nini hukusema pale mbele ya watu?"

Akaikamua jezi, akaikung'uta. "Nilifikiria ni mimi nilikosea saa. Nilipata hakuna mtu. Nikasema labda mmehama uwanja na hamkuniambia."

"Kuna mwingine alikuona? Mbali na mama wa chapati?"

"Kulikuwa na mvua, mzee. Nani atakuwa nje?"

Nilizunguka mpaka jua likazama nikitafuta shahidi wa pili. Mlinzi wa shule alisema alikuwa amejikinga darasani. Wavulana wa pikipiki kwenye kituo walisema, "Niaje mzee, sisi siku hiyo tulikuwa tumeingia chini ya paa la kituo cha petroli." Mwanamke mmoja anayeishi ng'ambo ya ua alisema aliona mtu akikimbia, lakini hawezi kuapa ni nani, maana mvua ilikuwa pazia. Nilitaka sana kumwambia, mama, sema tu ni yeye. Neno lilifika mdomoni. Nikashukuru nikaondoka.

Nieleze nilivyokuwa nawaza, ingawa sina hakika kwamba mawazo yangu yalikuwa safi. Nilijua ukweli. Lakini kila aliyewahi kunijia na daftari alikuwa pia anajua ukweli wake, na niliwarudisha wote. Kama ningebadilisha kwa shahidi mmoja, wale wengine wangesema nini? Kwa upande mwingine, kama ningenyamaza, ni mtoto wa dada yangu ambaye angefaidika, na ningenyamaza kwa kujificha nyuma ya sheria niliyoitunga mwenyewe. Halafu nikajiuliza kitu kingine kibaya zaidi. Je, ninataka kubadilisha kwa sababu ni haki, ama ili watu wa Bungoma waseme mzee huyu hapendelei wake? Nikimtoa mpwa wangu ili nisifiwe, hiyo nayo si upendeleo? Mke wangu alinisikiliza, akaniambia, "Wewe unafikiria mpaka jambo linakufa mikononi," akalala.

Jumapili tuliondoka mapema baada ya ibada ya kwanza. Tulipita Kamukuywa, watu wakanunua ndizi na mahindi ya kuchoma, na kelele za kikosi zikaendelea ndani ya gari: nani acheze kati, kwa nini tulimwachilia yule beki akaenda, nani wa kumlaumu. Mimi nilikuwa na daftari mapajani. Kijana alikaa dirishani. Mpwa wangu alikaa mbele yangu na mara kwa mara alikuwa anageuka kunipa maganda niyatupe, kama tunavyofanya tangu akiwa mdogo.

Kwenye uwanja wa Bungoma mgeni alikuwa amefika. Alikuwa mtu wa makamo, kofia kichwani, amekaa kwenye kiti cha plastiki upande wa magharibi, chini ya kivuli cha ukuta, na karatasi kwenye goti. Kocha alikuwa ameshaanza kutoa jezi.

Nikasimama. "Kocha, ngoja. Kuna jambo kwa daftari."

Nikaeleza. Saa tisa, saa kumi, mvua, mama wa chapati. Nikasema shahidi ni mmoja tu, na kwamba nimetafuta wa pili nikakosa.

Fundi viatu akapiga makofi. "Si nilisema! Mlikuwa mnamfunga mtoto bure!"

Mwenye bucha hakukasirika. Hiyo ndiyo iliniumiza. Alisema polepole, "Mzee, mtoto wa ndugu yangu ulimkatalia hapo mwaka jana, na alikuwa na shahidi mmoja pia. Nilikubali kwa sababu ni wewe. Leo ni nini?"

Ni kweli nilimkatalia. Na huenda yule mtoto wa ndugu yake naye alikuwa amekuja.

Mpwa wangu alikuwa ameshavaa jezi. Alinitazama, na aliongea kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia. "Anko, unanitoa?"

"Sikutoi. Nasema kilichotokea."

"Mimi nilikuja siku zote tatu."

"Ulikuja. Iko kwa daftari."

"Sasa kosa langu ni gani?"

"Huna kosa."

"Na yeye?"

"Yeye Alhamisi alikosa. Jumatano hakukosa."

Refa alikuwa anaangalia saa. Kocha akanigeukia, jasho likimtoka. "Mzee, wewe ndiye mwenye daftari. Nifanye nini? Sema moja."

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Aliniuliza niseme moja. Ningesema, kijana aanze, Jumatano ilikuwa kosa letu. Ningesema, mashahidi ni wawili, sheria ni sheria. Yote mawili yangekuwa na maana. Mimi nikasema, "Wagawane. Mpwa wangu kipindi cha kwanza, kijana kipindi cha pili."

Watu wakapumua. Hata mwenye bucha akatikisa kichwa kukubali. Fundi viatu akasema, "Hiyo sawa, hiyo ni haki." Kijana aliangalia chini. Mimi nilikaa, nikahisi kama mtu aliyetua mzigo, na kwa dakika arobaini na tano nilikuwa nimefurahi sana na nafsi yangu.

Mpwa wangu alicheza vizuri. Lazima niandike hivyo. Alitoa pasi mbili ambazo zingeleta goli, na mara moja alimzunguka beki mpaka uwanja ukapiga kelele. Mgeni aliandika kitu. Tulienda mapumziko bila kwa bila.

Nilipogeuka kumtazama mgeni, kiti kilikuwa kitupu. Nilimwona akielekea getini, karatasi imekunjwa mfukoni. Nikamkimbilia. Sijakimbia hivyo miaka mingi.

"Samahani, ndugu. Unaenda?"

"Ninaenda, mzee. Kuna mechi nyingine Bokoli saa kumi. Nikichelewa nitapata wameshamaliza."

"Subiri kidogo tu. Kuna kijana anaingia sasa, wa kushoto, miaka kumi na minane. Alitakiwa aanze. Ni mimi nilimweka nje kwa makosa."

Alinitazama kwa upole, hilo nalo niliseme. "Yule mliyemchezesha si mbaya, lakini umri umeenda."

"Si yule. Mwingine."

"Mzee wangu," akasema, akanigusa bega, "kila uwanja ninaoenda kuna mzee mmoja ananikimbilia getini kuniambia mzuri zaidi yuko benchi. Ningewasikiliza wote nisingefika popote."

"Lakini mimi ni kweli."

"Wote ni kweli." Akapanda pikipiki iliyokuwa inamsubiri. Aliniambia akija Kitale atapita. Sikumuuliza lini, na hakupita.

Niliporudi, kipindi cha pili kilikuwa kimeanza na kijana alikuwa ndani. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikaa karibu na fundi viatu, naye alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imetoka. "Mpelekee! Mpelekee huyo mtoto!"

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu nimesikia fundi viatu akiisimulia mechi ile, na kila mwaka inakuwa kubwa. Kijana hakucheza mechi ya maajabu. Mara tatu alipoteza mpira kwa haraka. Mara moja alianguka peke yake, na mwenye bucha akasema, "Kilo hamsini," lakini kwa sauti ya chini. Kisha, kama dakika ya sabini hivi, alipokea mpira karibu na katikati ya uwanja, akaondoka. Alimpita wa kwanza kwa mbio tu. Wa pili alimwacha akiwa amekaa chini. Alipofika karibu na mstari, badala ya kupiga krosi haraka kama kawaida yake, aliinua kichwa, akaangalia upande wa magharibi, kule kwenye ukuta na kile kiti, nusu sekunde tu. Halafu akapiga. Mpira ulipita juu ya kila mtu, mshambuliaji wetu akaruka, ukamgusa nywele ukatoka nje.

Tulitoka sare, bila kwa bila.

Jioni tulikaa kwenye nyasi tukisubiri dereva arudi na gari. Mashabiki walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu Jumapili inayofuata. Fundi viatu alitaka kijana aanze mechi zote mpaka msimu uishe. Mwenye bucha alisema kwanza tukae chini tuangalie sheria ya mashahidi upya, na aliposema hivyo aliniangalia, na mimi nikakubali kwa kichwa. Mpwa wangu alikuwa amelala chali, kofia usoni. Alisema, bila kuitoa, "Anko, huyo mtu aliandika nini?" Nikamwambia alivyosema, kwamba si mbaya lakini umri umeenda. "Hata mimi najua," akasema.

Kijana alikuja akachuchumaa karibu na mimi, anafungua kamba za viatu. Soksi mpya zilikuwa zimejaa matope mekundu.

"Mzee, yule mgeni sikumwona mwisho. Alihamia upande gani?"

Nilikuwa nimejua kwamba swali hilo litakuja. Ningeweza kusema alihamia kule kwa watu. Nilifikiria hivyo, na mpaka sasa nikiwa na usiku mbaya nafikiria hivyo.

"Aliondoka mapumziko," nikasema. "Hakuona kipindi cha pili."

Mikono yake ikasimama kwenye kamba. "Kabisa?"

"Kabisa. Nilimkimbilia getini. Nilimwambia kosa ni langu. Hakukubali kurudi."

Alivua kiatu kimoja, akagonga udongo, akavua cha pili. Mama yake alikuwa Bumula, si mbali na pale tulipokaa, na wiki mbili baadaye alirudi huko kabisa, anachezea timu ya kule na analima. Hilo sikulijua bado. Nilijua tu kwamba alikuwa haniangalii, lakini safari hii hakuwa anaangalia chini. Alikuwa anaangalia uwanja, ambapo watoto walikuwa wameshaingia na mpira wao wa karatasi.

"Kwa hivyo ile krosi hakuiona."

"Hakuiona."

"Wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Ilikuwa mzuri?"

Ingekuwa rahisi. Neno ni moja tu, na hakuna ambaye angedai mashahidi.

"Ilikuwa juu kidogo," nikasema. "Lakini zile mbio kabla yake, sijaona mtu akikimbia hivyo."

Akachukua viatu vyake, akavifunga pamoja kwa kamba, akavitundika shingoni.

"Ni kweli ilikuwa juu," akasema. "Niliinua kichwa."